Sarafu Nilizowarudishia Wachina

Shaba ina harufu. Watu hubisha, husema madini hayanuki, lakini mimi nimelelewa na bibi mwenye sarafu za kale na sibishani na mtu juu ya hilo. Ukizishika kwa mkono wenye jasho zinaacha kitu kwenye vidole, kitu kinachofanana na damu na maji ya mvua yaliyopita kwenye bati lenye kutu, na ukinawa kwa sabuni ndiyo kwanza kinakolea. Mwezi uliopita nilinunua nyanya sokoni Korogwe, mama muuzaji akanirudishia chenji iliyolowa jasho la kiganja chake. Nilijikuta nimesimama katikati ya njia nanusa mkono wangu, watu wananipita na makapu yao, na mimi nimerudi kuwa yule mtoto wa miaka minane.

Wakati huo tuliishi kwa bibi mzaa baba, upande wa Handeni, katika kijiji ambacho barabara ya kwenda Korogwe inakikata katikati. Bibi alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani ya sanduku, chini ya khanga ambazo hakuzivaa, mlikuwa na kigwe. Kilikuwa uzi wa pamba uliosokotwa, mweusi kwa mafuta ya mikono ya watu wengi, na kwenye uzi huo zilitungwa sarafu tisa. Saba zilikuwa ndogo na nyembamba, zimetobolewa kwa msumari, na juu yake kulikuwa na maandishi ya Kiarabu yaliyolika. Mbili zilikuwa kubwa zaidi, zina tundu la pembe nne katikati, na kila upande wa tundu pana alama kama kijumba kidogo kilichobomoka.

Bibi aliniruhusu kuzishika siku za Ijumaa, baada ya kuoga. Nilikuwa nimeanza chuo cha Kurani, nazijua herufi, na kwenye moja ya zile ndogo niliweza kusoma jina: ain, lam, ye. Ali. Nilimsomea Bibi kwa majivuno, naye akasema, "Huyo alikuwa mfalme huko pwani, zamani. Sasa amebaki jina tu, na jina lenyewe linasomwa na mtoto."

"Na hizi za vijumba?"

"Hizo za Wachina."

Alinieleza kama alivyoelezwa yeye. Mchina alileta vyombo na vitambaa akampa Mwarabu, Mwarabu akampa mtu wa pwani, na mtu wa pwani akaja kumpa babu wa babu zetu, ambaye alikuwa ametoka huku na pembe za ndovu begani. Hao wote hawakuwahi kuonana, alisema, lakini sarafu iliwaona wote. Mtoto akizaliwa katika ukoo, kigwe kilichovywa kwenye maji yake ya kwanza. Binti akiolewa, au mke akiletwa, alifungwa kigwe mkononi kwa siku moja, kisha kikarudi sandukuni.

Mama yangu hakufungwa. Baba yake alitoka kusini kuja kukata mkonge, akafia kwenye mashamba ya Korogwe bila kurudi kwao. Mama alizaliwa kambini na kubatizwa kambini, na Baba alipomleta nyumbani, Bibi alisema kigwe kimesokotwa upya, uzi bado haujakauka. Haya nilisimuliwa na shangazi yangu kama kichekesho. Mama hakuwahi kuyataja. Alifagia chumba cha Bibi kila asubuhi, alijua ufunguo wa sanduku unaning'inia wapi, na akisalimia "Shikamoo mama" alipiga goti mpaka chini, miaka yote, na kuitikiwa "Marahaba" na mtu anayetazama pengine.

Kisha ikaja barabara. Wenzangu mliokua kando ya njia ile mnakumbuka ilivyokuwa kabla ya lami: vumbi jekundu mpaka ndani ya uji, na masika malori yanazama siku mbili tatu. Yakaja magreda, yakaja makatapila, na kambi ikajengwa mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Wachina walikuwa wachache, wengi walikuwa vijana wetu waliopata vibarua. Lakini Wachina ndio tuliowafuata sisi watoto, tukawaangalia wakinywa maji ya moto juani, tukashangaa.

Siku moja lori la maji liliharibika mbele ya nyumba yetu. Kwenye mlango wake paliandikwa vijumba, mstari mzima. Niliviangalia mpaka macho yakaniuma. Havikuwa vilevile, lakini vilikuwa vya ukoo mmoja na vile vya kwenye kigwe. Jioni nikamuuliza Baba, "Wachina wamefuata nini huku?"

Baba alikuwa anaziba pancha ya baiskeli. Hakuinua hata kichwa. "Wamefuata chao."

Alikuwa anatania, sasa najua. Lakini mtoto hapewi alama ya kujua utani uko wapi. Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa chuo alikuwa ametufundisha amana: kitu cha mtu ukikaa nacho miaka mia, ni cha mtu, na siku akija umpe kwa mikono miwili. Nililala na maneno hayo. Nilimwona babu wa babu zetu akiwa ameondoka pwani na sarafu za watu bila kukusudia, na wenyewe wakimtafuta kizazi hadi kizazi, mpaka wakalazimika kutengeneza barabara ili wafike. Na Bibi amezificha. Sikumlaumu, nilimwonea huruma. Nilidhani anaogopa.

Siku ya gulio nyumba ilikuwa tupu. Nilichukua ufunguo, nikafungua sanduku. Nilitaka kutoa zile mbili tu, kwa kuwa zile za Ali zilikuwa zetu, lakini fundo lilinishinda. Nikakichukua kigwe kizima, nikidhani wao watatoa chao na kunirudishia kilichobaki. Nilikishika kwa kiganja njia nzima. Nilipofika kambini mkono wangu ulikuwa unanuka.

Mlinzi wa getini alikuwa mzee wa kijiji cha jirani. Nikamwambia, "Shikamoo. Nimeleta mali ya Wachina." Alicheka mpaka akakohoa, akaniacha nipite.

Mchina niliyemkuta alikuwa mtu mzima, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaosha miguu kwenye beseni. Nilimpa kwa mikono miwili. Kwanza alitabasamu kama mtu anayepewa ua na mtoto. Kisha akaona. Alifuta mikono kwenye suruali, akazisogeza jichoni zile mbili moja baada ya nyingine, na midomo yake ikawa inatembea. Alikuwa anasoma. Sijawahi kusahau hilo: vile vijumba vilikuwa na sauti, na mtu aliyetoka mwisho wa dunia alikuwa anavitamka uani, miguu yake bado ina mapovu.

Alimwita msimamizi wa vibarua, kijana wa Kitanzania mwenye sauti laini, aliyejua lugha yao kidogo. Wakazungumza. Msimamizi akaniambia, "Anasema ni za zamani kupita kiasi. Anasema mrudishie bibi yako, azitunze."

Yule Mchina akakizungusha kigwe mara mbili kwenye mkono wangu, akakifunga. Alikifunga vizuri, fundo dogo, kama alivyofungwa kila mke wa ukoo wetu isipokuwa Mama.

Hadithi ingeishia hapo, ningekuwa na kumbukumbu nzuri. Lakini msimamizi alinisindikiza getini, na njiani akachuchumaa mbele yangu. "Mtoto mzuri, unatembeaje na kitu kama hiki na magari haya? Likikugonga gari, bibi yako atakukosa wewe na atazikosa sarafu. Nitamletea mwenyewe jioni. Anaitwa nani?" Nikamtajia jina la Bibi. Akanifungua taratibu, akaninunulia soda kwa mama ntilie wa pale nje, nikainywa yote kabla ya kuondoka.

Jioni nilikaa barazani mpaka nikaitwa kula. Kesho yake pia. Siku ya tatu nilirudi kambini, na mlinzi akanijibu bila kucheka safari hii: "Huyo ameondoka. Wamempeleka kambi nyingine, au ameenda kwao, mimi sijui."

Nilirudi nyumbani na sikusema neno. Nilijiambia atakuja, ni mtu mzima, aliniahidi.

Shangazi yangu mdogo alikuwa anaolewa mwezi ule. Siku mbili kabla ya shughuli, Bibi alivuta sanduku ili akitoe kigwe akipake mafuta. Nilikuwa nje napepeta mahindi. Sikusikia kelele yoyote. Nilisikia khanga zikitupwa sakafuni moja moja, kisha Bibi akamwita Mama kwa jina lake la ubatizo, jina ambalo hakuwahi kulitumia.

Walikaa kikao mchana wa siku ile, kwenye mkeka, ndugu wa Baba wote. Bibi alisema aliyechukua mkono wake utakauka, na kwamba si lazima amtaje, mkono wenyewe utamtaja. Nilikalia mkono wangu. Baba mkubwa ndiye aliyeongoza. Mbele yake palikuwa na msahafu, na pembeni Biblia aliyoiazima kwa jirani.

"Ufunguo unaujua," alimwambia Mama. "Chumba unaingia wewe. Kigwe hukufungwa, na tunajua kilikuuma. Hatukuhukumu. Hicho hapo kitabu chenu. Apa, tumalize."

"Sikuchukua," Mama alisema.

"Apa basi."

Mama alimwangalia Baba. Nilikuwa nyuma yao, niliona jinsi alivyogeuza shingo, na alimwangalia kwa muda mrefu. Baba alikuwa anachora kwenye vumbi kwa kijiti. Mama akageuka tena mbele. "Siapi," akasema. "Na siongezi neno."

"Mama hakuchukua," nilisema. Nilisema, nataka mjue kwamba nilisema. Sauti ilitoka nyembamba. Baba mkubwa akanijibu bila ukali, "Watoto hawakai kwenye vikao. Nenda kawaangalie mbuzi." Nikaenda. Ningeweza kubaki. Ningeweza kusema jambo lenyewe lote, lakini nilikuwa nimeanza kuhisi ganzi kwenye vidole, na nilikuwa na hakika nikifungua mdomo tena mkono utaanguka hapohapo mbele ya watu.

Asubuhi iliyofuata tuliondoka. Baba alitufungia mizigo, akatusimamishia lori la mkaa linaloelekea Korogwe, akamwambia Mama, "Ngoja hasira za wazee zipoe, nitakuja." Alikuja mara mbili. Mara ya pili alileta gunia la mahindi na habari kwamba wamemtafutia mke mwingine.

Tulikaa Kwamndolwa, hapo Korogwe, kwenye nyumba aliyoiacha bibi mzaa mama, vyumba viwili na kisima cha jirani. Mama alilima mashamba ya watu na kukaanga vitumbua vya asubuhi. Mkono wangu haukukauka. Kwa miezi niliukagua kila nikiamka, kidole kwa kidole, na ulipoendelea kuwa mzima sikushukuru. Niliona kwamba hata laana imemkosea Mama, kwa kuwa mikono yake ndiyo iliyokuwa inapasuka kwa jembe na mafuta ya moto.

Nilipofika sekondari, mwalimu wa historia alichora ubaoni duara lenye pembe nne ndani yake. Akasema sarafu za Kichina kama hizo zimefukuliwa pwani yetu pamoja na za masultani zenye maandishi ya Kiarabu, na kwamba ni ushahidi kuwa mababu zetu hawakuwa watu wa pembeni katika biashara ya dunia. Akauliza nani amewahi kuiona. Niliomba ruhusa ya kwenda chooni na sikurudi mpaka kengele ikalia.

Sikumwambia Mama siku hiyo wala miaka iliyofuata. Kila mwaka nilijipa sababu mpya. Lakini baada ya siku ile ya sokoni, ya chenji na nyanya, nilipanda gari kwenda Handeni. Safari iliyotuchukua nusu siku juu ya mkaa sasa ni ya kula pakiti moja ya karanga. Lami imenyooka, safi. Nilitamani iwe mbaya.

Bibi amezeeka sana, haoni vizuri, anakaa kwenye kitanda kilekile. Nilimwamkia, nikakaa sakafuni, nikamweleza tangu lori la maji mpaka soda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Najua."

Nilidhani hakusikia vizuri.

"Yule mlinzi alikuwa mtu wetu," alisema. "Alikuja kuniambia, mahindi ya msimu ule bado mabichi shambani. Akasema, mjukuu wako alikuja na kitu mkononi na akatoka hana."

"Kwa nini hukumwita Mama?"

"Nimwite nimwambie nini? Ukoo mzima umekaa, umemtoa. Nimwambie ni mtoto, rudi?" Akatafuta kona ya khanga, akajifuta mdomo. "Mjukuu wangu, sitakudanganya na mimi naelekea kuzikwa. Sikumtaka tangu siku ya kwanza. Nilipata sababu, nikaishika. Nilipojua si sababu, nilikuwa nimeshaizoea."

Nilitaka kulia nikashindwa. Nilitaka kumtukana, nikashindwa hilo pia, kwa sababu alikuwa amelala na shingo yake ilikuwa nyembamba kama ya kuku. Ni yeye aliyezungumza tena.

"Yule Mchina. Alizisoma?"

"Alizisoma."

"Zimeandikwa nini?"

"Sikumwelewa, Bibi."

Akafumba macho. "Basi ndiyo hivyo," akasema. "Tumekaa nazo vizazi vyote, na zilipokuja kusomwa, aliyekuwepo ni mtoto asiyejua."

Sikulala kule. Nilirudi Kwamndolwa, nikamkuta Mama nyuma ya nyumba anachagua mchele kwenye ungo, miguu ameinyoosha. Nilikaa mbele yake nikamwambia yote, na haikuwa kama nilivyoipanga garini. Nilianza na Bibi nikamalizia na mimi. Mikono yake haikusimama mpaka niliposema ni mimi niliyefungua sanduku. Hapo ilisimama.

Nilingoja anipige, au anikumbatie. Nilikuwa tayari kwa vyote viwili.

"Wewe," alisema.

"Mimi, Mama. Nisamehe."

"Kumbe si baba yako."

Sikuelewa. Akasogeza ungo pembeni, akaniambia bila kuniangalia. Wiki ileile kigwe kilipotoweka, Baba alileta pikipiki, iliyokwishatumika, na alipoulizwa alisema ameuza mbuzi na amesaidiwa na rafiki. Hata mimi niliikumbuka, nilikaa juu ya tangi lake nikapiga honi. Mama alihesabu mbuzi zizini, akaona waliopungua hawatoshi pikipiki. Akajua, au akadhani amejua. Pale mkekani alimwangalia ili amwambie kwa macho kwamba hatamtaja. Hakuapa kwa sababu alijua akishaapa watamgeukia anayefuata, na aliyefuata alikuwa mume wake.

"Nilisema mwache akae na mama yake, akae na ndugu zake," alisema. "Mimi sina ukoo hapa wa kupoteza. Alipooa tena nilisema ni aibu, anashindwa kunitazama usoni, kwa kuwa anajua nilivyombebea." Alichota mchele kiganjani, akauachia urudi kwenye ungo. "Miaka yote nimelala nikijua kwamba yupo mtu mmoja duniani anayejua sikuchukua."

Jirani alikuwa anateka maji, kamba ya kisima inalia.

"Kumbe aliamini," Mama alisema. "Baba yako alikuwa ameamini mimi ni mwizi tangu pale kwenye mkeka."

Aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Niliuchagua ule mchele mpaka ukaisha, kisha nikaanza upya.